Msingoje Nyumba ya Mawe

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya parokia



Akina mama, wazee, vijana, makatekista na viongozi wote wa vikundi, tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na kuja hapa. Tunajua wengine mmetembea tangu saa kumi na mbili asubuhi. Leo hatukuja kuomba mchango, wala hatukuja kutangaza mradi wenye mfadhili. Tumekuja tuzungumze juu ya nyumba zenu, hizo hizo mlizotoka leo asubuhi, na yale mnayoweza kutengeneza ndani yake kwa mikono yenu na kwa pesa kidogo.

Katika kazi yetu ya kutembelea maboma huku magharibi, kuna neno moja tumelisikia mara nyingi sana. Unaingia jikoni, macho yanaanza kutoa machozi kwa moshi. Unamwuliza mwenye nyumba, "Mama, mbona hapa hakuna dirisha?" Naye anajibu, "Aa, hii ni ya kungojea tu. Tutajenga ya mawe."

Kuna boma moja ambalo tulilitembelea mara ya kwanza wakati mtoto wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Alikuwa akikohoa mgongoni mwa mama yake. Mzee alituonyesha mabati mapya aliyoyaweka chini ya kitanda, akatuonyesha na msingi aliouchimba mbele ya nyumba. Tulifurahi, tukampongeza. Juzi tulipita tena. Yule mtoto sasa yuko shule ya sekondari. Mabati bado yako chini ya kitanda na yameanza kushika kutu. Msingi umeota nyasi, na mbuzi hufungwa humo. Mama bado anapika katika jiko lile lile la mawe matatu, bila dirisha, na macho yake ni mekundu kama mtu aliyetoka kulia.

Sasa tuulizane. Yule mtoto alikulia wapi? Hakukulia katika nyumba ya mawe. Alikulia katika ile ya kungojea. Basi hiyo ya kungojea ndiyo iliyokuwa nyumba yake.

Na sisi wa ofisi ya maendeleo tuungame kosa letu. Miaka mingi tulipofundisha juu ya nyumba bora, tulibeba picha kubwa ya nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo. Watu waliitazama, wakarudi nyumbani wakiona aibu kwa nyumba zao za udongo. Mtu akionea kitu aibu, hakitengenezi. Anakiacha kibomoke, akingoja kingine. Leo picha ile hatukuja nayo.

Hatusemi mtu asijenge nyumba ya mawe. Mungu akikujalia, jenga. Lakini usiishi miaka kumi na mitano katika moshi, vumbi na uvujaji kwa sababu ya nyumba ambayo haijajengwa.

MASWALI MATATU KABLA YA KUTOA SHILINGI

Kikundi kimoja tunachokijua kilikuwa na mchango wa mzunguko. Kila mwezi mama mmoja alipewa pesa za kutengeneza nyumba. Walikubaliana kununuliana vitambaa vya makochi, vyeupe, vilivyoshonwa vizuri sana. Baada ya miezi sita vitambaa vyote vilikuwa na rangi ya chai. Ni moshi. Akina mama wenyewe walituambia wakicheka, lakini pesa zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo tunawapa maswali matatu, nayo yafuatwe kwa utaratibu huu.

Kwanza: Ni kitu gani katika nyumba hii kinatuumiza mwili?
Pili: Ni kitu gani kinakula pesa zetu au nguvu zetu kila siku?
Tatu: Ni kitu gani kitapendeza macho?

Wengi wetu tunaanza na la tatu. Tukianza na la kwanza, hata la tatu tutalifikia, na kitambaa kitabaki cheupe.

KAZI YA KWANZA: MOSHI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ndani ya nyumba, itokayo kwa kuni, makaa, mavi ya ng'ombe na mafuta ya taa. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Moshi huleta nimonia kwa watoto, na kwa mama aliyepika miaka mingi huleta kifua kisichopona, ugonjwa wa moyo, hata mtoto wa jicho.

Tufanye nini? Tuanze na yale yasiyotaka hata senti.

Kausheni kuni. Kuni mbichi ndiyo mama wa moshi. Pasueni vipande vyembamba, mvipange mahali penye upepo pasiponyeshewa, na msitumie zile za leo kabla ya zile za mwezi uliopita. Lowekeni maharagwe na githeri usiku kucha. Funikeni sufuria. Chakula kikiiva upesi, moto unazimwa upesi. Na mtoto mchanga asikae mgongoni wakati mama anainamia moto. Apewe dada, au alazwe chumba kingine.

Halafu toboeni dirisha. Kwa ukuta wa fito na udongo, panga na mikono vinatosha. Tazameni nguzo kubwa iko wapi, msiikate. Kateni fito za katikati peke yake, wekeni fremu ya mbao nne, kisha siribeni pembeni. Dirisha moja liwe juu karibu na jiko, na jingine ukuta wa pili, ili upepo uingie huku na moshi utoke kule. Kama jiko ni nyumba ya peke yake, acheni pia nafasi kati ya ukuta na paa. Lakini chumba cha kulala ni habari nyingine. Hapo nafasi ile ya juu ndiyo mlango wa mbu, kwa hiyo izibwe kwa wavu, na watu walale ndani ya neti.

Sasa jiko lenyewe. Wengi mnakumbuka jinsi katika miaka ya 1980 Maendeleo ya Wanawake ilivyoeneza jiko la kuni lenye kauri ya udongo uliochomwa. Baadaye jiko hilo liliitwa Upesi, na vikundi vya akina mama huku magharibi walijifunza kufinyanga kauri zake na kuziuza. Kauri ni moja tu, nayo mnaijengea kwa udongo wenu wenyewe.

Inajengwa hivi. Chagueni mahali pasipo njia ya mlango, mbali na ukuta wa nyasi. Pangeni mawe na udongo kuwa kitako imara. Simamisheni kauri juu yake, mdomo wa kuni ukielekea mahali mpishi anakaa. Changanyeni udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwa fupi fupi, mzungushie kauri mpaka ishikwe vizuri pande zote, kisha mlainishe kwa maji na mkono. Halafu, tafadhali, ngojeni. Jiko likauke pole pole wiki mbili hivi. Moto wa kwanza uwe mdogo. Wengi wamewasha moto mkubwa siku ya tatu, jiko likapasuka, wakasema mafunzo ni ya uwongo.

Jiko hili linapunguza kuni, lakini halimalizi moshi. Anayewaambia moshi unakwisha kabisa anawadanganya. Ndiyo sababu tumeanza na dirisha. Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kajiado na za huku magharibi. Walijaribu madirisha makubwa, nafasi za chini ya paa, majiko bora, na kofia za bati zinazoning'inia juu ya jiko na kupeleka moshi nje kwa bomba. Kofia ndizo zilizosaidia zaidi. Kofia inataka fundi wa mabati na pesa kiasi, kwa hiyo si kazi ya wiki hii. Lakini iandikeni katika mpango wa kikundi.

Msituamini sisi. Aminini hesabu yenu. Wiki moja kabla ya kujenga jiko, hesabuni mizigo ya kuni mliyochoma. Jiko likishakauka, hesabuni wiki nyingine. Ile tofauti ni pesa, au ni safari ambazo mama hataenda tena. Hiyo ndiyo itakayogharimia kazi ya pili.

KAZI YA PILI: SAKAFU

Mnajua funza. Mtoto anatembea kwa visigino kwa sababu vidole vinauma, anaacha kwenda shule, watoto wengine wanamcheka. Watu husema funza ni uchafu wa mtu, au laana. Si hivyo. Funza ni kiroboto, na mayai yake huangukia vumbi kavu ndani ya nyumba na kukulia humo. Ukimtoa mtoto funza leo na usitengeneze sakafu, kesho wanarudi. Aliye na funza wengi apelekwe zahanati. Nyumbani msitumie pini moja kwa watu wengi, maana pini hiyo hupeleka magonjwa ya damu kutoka kwa huyu hadi kwa yule.

Sakafu ya udongo ikitengenezwa vizuri haina vumbi. Toeni kila kitu nje. Chimbueni lile vumbi la juu mpaka mfikie udongo mgumu, mlitupe mbali na nyumba. Leteni udongo wa kichuguu, mnyunyizie maji kidogo tu, usiwe tope. Umwageni kidogo kidogo, kila tabaka kama upana wa mkono, mshindilie kwa gogo zito kabla ya kuongeza lingine. Vijana, hii ni kazi yenu. Sakafu iwe juu kuliko uwanja wa nje, ili maji ya mvua yasiingie. Baada ya kukauka, pakeni mchanganyiko wa udongo, mchanga laini na mavi ya ng'ombe, na mrudie kila wiki. Mnyunyize maji kabla ya kufagia.

Hapa tunawaonya jambo moja. Mavi ya ng'ombe yana vijidudu vya pepopunda. Aliye na kidonda mkononi asipake. Na kitovu cha mtoto mchanga kisiguswe kamwe na mavi ya ng'ombe wala udongo, hata kama nyanya alifanya hivyo zamani. Mama mja mzito asiache kwenda kliniki kuchanjwa.

Mbuzi, kuku na mbwa walale nje, katika banda lao. Tunajua wengine mnawalaza ndani kwa kuogopa wezi. Basi kikundi kisaidiane kujenga mabanda yenye milango imara karibu na nyumba. Mnyama anayelala ndani anabeba funza na viroboto.

Na sakafu ya simiti je? Ikiwezekana, anzeni na chumba kimoja, kile watoto wanacholala. Chumba cha mita 3 kwa 3, sakafu ya unene wa sentimita 5, kinataka karibu mifuko 3 ya simiti ya kilo 50, kama mkichanganya karai 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Kokoto mnaweza kugonga wenyewe. Chumba kimoja kizuri ni bora kuliko vyumba vitatu vya simiti nyembamba inayobanduka kama chapati.

KAZI YA TATU: UKUTA

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaisema methali hii kanisani tukihubiri juu ya dhambi, lakini aliyeitunga labda alikuwa anatazama nyumba yake.

Ukuta wa udongo haufi kwa uzee. Unauawa na maji ya chini na mchwa. Tazameni nyumba yoyote inayoinama, mtaona imeliwa pale chini, mahali matone ya paa yanaporusha matope. Kwa hiyo kabla ya kusiriba juu, kingeni chini. Pangeni mawe kuzunguka nyumba yote, upana wa hatua moja, yainame kuelekea nje. Chimbeni mtaro mdogo wa kupeleka maji shambani. Msirundike kuni wala udongo ukutani, maana hiyo ndiyo barabara ya mchwa.

Sasa udongo wa kusiriba. Nyufa zinatokea kwa sababu udongo una mfinyanzi mwingi na mchanga kidogo. Kuna kipimo rahisi. Tieni udongo katika chupa safi mpaka nusu, jazeni maji, mtikise sana, mwiache itulie mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi utakuwa juu. Mtaona kwa macho upi ni mwingi. Halafu pakeni vipande vitatu vya majaribio nyuma ya nyumba. Cha kwanza kiwe karai 1 ya udongo na 1 ya mchanga, cha pili 1 kwa 2, cha tatu 1 kwa 3. Vyote vitiwe nyasi zilizokatwa na mavi ya ng'ombe. Baada ya siku nne, kile kisichopasuka na kisichotoka vumbi ukikisugua kwa kidole, hicho ndicho chenu. Udongo wa kilima hiki si udongo wa kilima kile, kwa hiyo msinakili vipimo vya kijiji kingine.

Lowesheni ukuta wa zamani kwanza, la sivyo utanyonya maji ya udongo mpya na kuuangusha. Zibeni nyufa kubwa peke yake, ziache zikauke. Kisha pakeni tabaka la kwanza lenye nyasi, mlikwaruze kwa vidole, na likikauka mpake la pili laini.

Hapo sasa tumefika swali la tatu, lile la kupendeza macho. Akina mama wa huku wana ujuzi wa zamani wa kupamba kuta kwa udongo mweupe, mwekundu na mweusi wa mtoni. Msiudharau. Ndani ya nyumba mnaweza pia kupaka chokaa. Loweni chokaa katika maji usiku kucha, mchuje kwa kitambaa, mpake mara tatu, nyembamba nyembamba. Chumba cheupe kina mwanga zaidi, na mtoto anaona kitabu chake. Lakini chokaa huchoma macho na ngozi. Watoto wakae mbali, na aliyerukiwa jichoni aoshe kwa maji mengi mara moja na kukimbia zahanati.

KAZI YA NNE: PAA NA MAJI YAKE

Paa la mabati likivuja, mara nyingi bati halina kosa. Kosa ni la msumari. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde ambamo maji yanapita. Panda siku ya jua, kwa ngazi iliyoshikwa na mtu, na ukanyage mahali penye mbao. Ng'oa msumari uliolegea, kata kipande kidogo cha ndala kuukuu au tyubu ya gurudumu, ukivalishe msumari mpya mrefu zaidi, uupige tena. Tundu dogo linazibwa kwa lami. Ndala moja iliyokatika inatosha nyumba nzima.

Kwa vyumba vyenye giza kuna ujanja wa chupa. Fundi mmoja wa Brazil, Alfredo Moser, aliugundua mwaka wa 2002. Chupa safi ya plastiki ya lita 2 inajazwa maji na kifuniko kimoja au viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani. Inapachikwa katika tundu la bati, nusu juu na nusu ndani, na kuzibwa vizuri pande zote. Mchana inatoa mwanga kama taa. Lakini ikizibwa vibaya itavuja, kwa hiyo jaribuni kwanza jikoni.

Sasa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya jioni moja tu, inaleta lita 300. Hata tukisema nyingine inamwagika, tuseme mnapata 240. Hiyo ni mitungi 12 ya lita 20. Mama, hebu hesabu safari za mtoni. Na maji hayo leo yanaenda wapi? Yanaenda kula ukuta wako.

Mfereji wa paa si lazima ununuliwe. Chukueni bati la kulala, lisilo na migongo, mlikate kwa urefu vipande vya upana wa sentimita 30, mkunje kila kipande katikati juu ya ukingo wa ubao. Ning'inizeni kwa waya kila mita moja. Kila mita mfereji ushuke sentimita 1 kuelekea pipa. Kipande cha juu kilalie cha chini, ili maji yasirudi nyuma. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi mwageni, maana inaosha paa. Pipa lifunikwe na mdomo wake uwe na wavu, la sivyo mtafuga mbu. Pipa lililokuwa na dawa za shamba lisitumike kamwe, hata likioshwa mara mia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Wengine mnataka kuruka pipa na kuanza na tangi kubwa. Tuwaambie yaliyotupata. Tulijenga tangi la simiti pamoja na kikundi kimoja, mwezi wa Januari, jua kali. Ijumaa jioni tulimaliza plasta, tukaimba, tukapiga picha, tukaenda nyumbani. Jumamosi hakuna aliyelimwagia maji. Jumapili pia. Sisi ndio tulikuwa na ujuzi, na sisi ndio hatukumwambia mtu yeyote kwamba simiti mpya ni lazima ifunikwe magunia na kuloweshwa kila siku, angalau siku saba. Mvua za Machi zilipokuja, tangi lilitoa maji pande zote kama kapu. Mifuko yote ile ilipotea, na zilikuwa pesa za wajane. Tulirudi, tukaomba msamaha, tukachanga kutoka mifuko yetu, tukalipaka upya. Sasa linashika. Lakini hatutasahau jinsi akina mama wale walivyonyamaza siku tuliyorudi. Hakuna aliyetulaumu, na hiyo iliuma zaidi.

Basi simiti iwe ya sakafu, ya tangi au ya kiraka kidogo, wekeni zamu ya kumwagia maji kabla ya kuanza kuchanganya. Andikeni majina.

TUFANYE PAMOJA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi hizi zote mtu mmoja anaweza kuzianza, lakini peke yake atachoka njiani. Tunapendekeza hivi.

1. Kikundi kipange siku moja ya kazi kila wiki, boma moja kwa zamu. Mwenye boma atoe udongo, maji na uji. Wengine waje na mikono.

2. Boma la kwanza lisiwe la mwenyekiti. (Tunaona mwenyekiti mmoja ameinama!) Liwe la yule asiyeweza kabisa: mjane, mzee anayelea wajukuu, mgonjwa. Mkianza kwake, hakuna atakayesema mradi umeliwa na viongozi.

3. Mchango wa mzunguko ununue kwanza vifaa vya wote: karai, mwiko wa fundi, nyundo, msumeno, na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wa kupimia usawa kwa maji. Vikae kwa mmoja, na daftari la nani amechukua nini.

4. Mchanga na kauri nunueni kwa pamoja. Gari moja la mchanga kwa nyumba kumi ni nafuu kuliko karai moja moja.

5. Wazee waitwe tangu mwanzo. Tumeona mama akitoboa dirisha asubuhi, na mzee akilifunga jioni kwa sababu hakuulizwa. Mzee aingizwe jikoni wakati moto unawaka, akae humo dakika kumi. Baada ya hapo mazungumzo yatakuwa mafupi.

Ndugu wapendwa, katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana wetu anatusimulia juu ya mama aliyepoteza sarafu moja. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta mpaka akaipata. Hatuambiwi kama nyumba ile ilikuwa ya mawe au ya udongo. Tunaambiwa kwamba aliifagia, na kwamba alipoipata aliwaita majirani wafurahi pamoja naye. Sisi tunaona hapo sarafu nyingi zimepotea katika nyumba zetu: katika moshi, katika vumbi, katika maji yanayomwagika uani. Twende tukazitafute.

Yule mama wa macho mekundu tumezungumza naye. Amekubali. Mzee naye amekubali kwamba bati moja litoke chini ya kitanda likawe dirisha na mlango wa banda la mbuzi. Jumamosi ijayo saa tatu tunakutana pale. Atakayeweza aje na panga.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako, ni kitu gani umekiacha bila kukitengeneza kwa sababu unangoja nyumba mpya? Ni miaka mingapi sasa?

2. Ni kazi gani moja tunayoweza kumaliza mwezi huu bila kutoa pesa?

3. Boma la kwanza litakuwa la nani? Nani atakwenda kumwuliza, na kumwuliza namna gani ili asione aibu?

4. Nani ataandika hesabu ya kuni na ya maji, kabla na baada?